Usimuulize mtoto "unataka kukaa na nani"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii huku nyanda za juu, faili la wazazi wanaogombania mtoto litawafikia mapema sana, na mahakama itataka ripoti yenu kabla hakimu hajaamua, kwa hiyo naandika ili msikosee pale nilipokosea mimi.

Moja ya kesi zangu za mwanzo ilikuwa Rungwe, binti wa miaka 9. Nilimkuta kwa baba yake, shangazi mtu kakaa pembeni anamenya ndizi, nikauliza moja kwa moja, unataka kukaa na nani? Akajibu bila kusita, "kwa baba, mama hana kipato cha kukidhi mahitaji yangu." Nikaandika hivyo hivyo nikaondoka. Usiku ndo ikanijia, mtoto wa darasa la 3 hilo neno kukidhi kalitoa wapi? Asubuhi nikapanda gari kurudi Tukuyu, hukohuko Rungwe.

Safari hii nikamfuata shuleni, mwalimu akatupa chumba, mvua inapiga bati mpaka tukasogeleana ndo tusikilizane. Habari za baba na mama sikuzigusa. Nilimuuliza nani anakuamsha asubuhi, nani kakusuka hizo nywele, ukiumwa unamwambia nani kwanza. Muda mwingi alikuwa kimya tu anakunja na kukunjua pindo la sweta, na mimi nikanyamaza naye, msiogope kunyamaza. Mwishoni akasema mdogo wake wa miaka 4 yuko kwa mama, na usiku huwa hapati usingizi bila yeye.

Hapo sheria haijaacha kitu. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 11 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, na kifungu cha 39 inaitaka mahakama izingatie maoni hayo kama kayatoa kwa uhuru, pia iangalie umuhimu wa ndugu kukaa pamoja. Hilo la uhuru ndo kazi yenu. Maoni yaliyotolewa shangazi akiwa anasikiliza ni maoni ya shangazi.

Mtakutana pia na ile ya mtoto chini ya miaka 7 ni wa mama. Ipo kweli kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, ila ni dhana tu, ushahidi unaweza kuipindua. Waelezeni wazazi wote wawili, maana nimeona wababa wanakata tamaa bure.

Na mawakili waliopo kila mmoja ana mteja wake, wa baba wa baba, wa mama wa mama. Mtoto ana haki ya kuwakilishwa Mahakama ya Watoto, kwa hiyo ukiona anachohitaji hakifanani na wanachotaka wazazi, andika mapema kwenye ripoti kwamba anahitaji mtu wa kumsemea.

Yule binti kabla sijatoka aliniuliza, "baba atajua ni mimi nimesema?" Nilitamani sana kumwambia hapana. Nikamwambia ukweli, kwamba ripoti wazazi wataisoma na anayeamua ni hakimu, siyo yeye wala mimi. Kisha tukakaa tena, nikamsomea nilichoandika neno kwa neno, mawili akaniomba niyafute, nikayafuta. Lile la mdogo wake akasema liache.