Hati ya ardhi kwanza, tofali baadaye

Mmeuliza wiki hii: mtaa wa Wamarekani Weusi uliobomolewa ukijengwa upya, nini kifanyike ili wenyeji wasiishie kuwa watazamaji?

Hati ya ardhi iwe mikononi mwa wakazi kabla ya ujenzi. Michoro ya ukutani na maduka ya kahawa vikitangulia, bei ya viwanja hupanda na waliotarajiwa kurudi hushindwa.

Tazameni Dudley Street, Roxbury, mjini Boston. Palikuwa na viwanja vitupu kama 1,300, baada ya miaka ya majengo kuchomwa moto na kutelekezwa. Wakazi waliungana 1984. Mwaka 1988 wakapata mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyoachwa, kazi ambayo kwa kawaida ni ya serikali. Katika bodi yao Weusi, Walatino, Wazungu na wenye asili ya Cape Verde walipewa viti sawa, bila kujali nani ni wengi. Ardhi wakaiweka chini ya wakfu wa jamii: mnunuzi ananunua nyumba tu, kiwanja anakodishiwa kwa mkataba mrefu unaopanga pia bei ya kuuzia.

Tuseme mkataba unampa muuzaji robo ya ongezeko. Nyumba ya dola 200,000 ikifika thamani ya 300,000, anapata faida ya 25,000 na anayemfuata analipa 225,000. Wapo wanaohoji kwa nini familia ya Weusi izuiwe faida ambayo jirani nje ya wakfu anaichukua yote. Hoja ina uzito, kwa hiyo robo hiyo wasiipange wanasheria peke yao.

Kurudisha watu ni kazi nyingine. Albina, mjini Portland, nyumba na biashara karibu 300 zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupisha upanuzi wa hospitali. Fedha za serikali kuu zikakauka, viwanja vikabaki vitupu kwa miongo. Sasa mji unawapa waombaji wa nyumba za bei nafuu alama za upendeleo, hadi 6, kwa anwani zao za zamani na za wazazi au babu na bibi zao. Sawa, ila alama hazilipi madeni. Hata mwenye alama zote anaweza kukataliwa na benki. Ushauri wa mikopo uanze mwaka mzima kabla ya maombi. Na ushahidi usiwe hati ya nyumba pekee, maana wapangaji hawakuwa nayo: rekodi za shule au vitabu vya zamani vya simu vikubaliwe.

Mjenzi akisema nyumba ni za bei nafuu, muulizeni nafuu kwa nani. Unafuu hupimwa kwa asilimia ya kipato cha kati, nacho hupigiwa hesabu kwa jiji zima pamoja na vitongoji vya matajiri, hivyo hata asilimia 60 yake yaweza kuzidi mapato ya mtaa wenyewe.