Badilisha beringi leo, uiokoe gia isiyouzwa tena

Kama una lori la gia za mkono ambalo kiwanda kimeshaacha kulitengeneza, spea ya kuogopea si ile inayochakaa. Ni ile inayovunjwa na iliyochakaa. Beringi ikiisha utaipata Mombasa jioni hiyohiyo. Lakini beringi hiyo ikiachwa ilie miezi, mwisho gia ya tatu ikakatika meno, utazunguka maduka yote ya Mombasa, upande hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, na huenda ukarudi mikono mitupu.

Kazi yangu ni giaboksi, hapa Malindi. Malori ninayoletewa hubeba chumvi ya Gongoni na Marereni, mchanga wa Sabaki, mawe ya kujengea, na maembe msimu ukifika. Mengi ni ya zamani na wenyewe hawana nia ya kuyauza, nami siwalaumu: injini bado ina nguvu, chesi ni nzima, na mkopo wa lori jipya si mchezo. Tatizo ni kwamba walioyatengeneza wameondoka. Kiwanda cha Bedford kule Dunstable, Uingereza, kilisimama 1992. Nissan Diesel ilibadili jina ikawa UD Trucks 2010, na ukitaja jina la zamani kaunta nyingine kijana anakuangalia tu. Malori mapya nayo yanazidi kuja na giaboksi zinazojibadilishia gia zenyewe, kwa hiyo hakuna atakayerudi kukutengenezea gia ya boksi yako.

Ndiyo maana nawaambia wenye malori: usingoje iharibike. Ifungue ikiwa bado inatembea.

Najua jibu lake, nimelisikia sana. Mzee mmoja wa mchanga aliniambia, "Fundi, gari bado latembea." Nikamjibu, "Latembea, mzee wangu, lakini beringi yalia." Tulimwaga oili palepale kwenye sinia, nikachovya kitambaa cheupe nikakitandaza juani. Vumbi la kijivu laini kama uji ni la kawaida, hasa kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia. Vimeta vya rangi ya dhahabu ni ringi za sinkro zinazosagika, zile za shaba zinazolainisha gia kuingia. Lakini yeye alikuwa na vipande vyembamba vinavyong'aa, ukivipitisha kati ya vidole vinachoma. Hicho ni chuma kinachobanduka kwenye beringi au kwenye meno. Alikiona kwa macho yake, akakubali boksi ishuke. Gia zake zote zilikuwa nzima. Tulibadilisha beringi na sili, zile ringi za mpira zinazozuia oili isivuje, basi.

Sikio nalo lina kazi yake. Washa injini, gia zote zikiwa nje, mguu mbali na klachi. Kukiwa na mlio unaonyamaza ukikanyaga klachi, shuku beringi ya shafti ya mbele au za shafti ya chini, ile tunayoiita leya. Kisha litie barabarani likiwa na mzigo. Boksi nyingi za zamani zina gia moja ambayo nguvu hupita moja kwa moja bila kuelemea leya, na mara nyingi ni ile ya juu kabisa. Mlio ukiwapo kwenye gia zote isipokuwa hiyo, leya ndiyo inayolia. Ukisikika kwenye gia moja tu, gia hiyo au mwenzake ana jino baya. Na gia ikiwa inaruka yenyewe ukitoa mguu kwenye mafuta, usikimbilie kulaumu gia: angalia kwanza fok (uma unaosukuma gia iingie), springi za selekta, na mipira inayoshikilia boksi kwenye chesi.

Sasa hizo beringi. Wengi huingia dukani wakasema, "Nipe beringi ya boksi ya Bedford," wanaambiwa haipo, wanaondoka. Waliotengeneza boksi hawakutengeneza beringi. Walinunua kama wewe. Isugue ile beringi kuukuu kwa mafuta ya taa mpaka namba isomeke. Ikisema 6308, zile tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5: tundu ni milimita 40. Nje ni 90, unene 23. Hiyo ni beringi ya dunia nzima, iko hata kwenye pampu za maji. Herufi zinazofuata usizipuuze. NR maana yake ina mfereji na ringi ya kuizuia isitembee ndani ya nyumba yake, na C3 maana yake ina nafasi zaidi kidogo ndani kwa ajili ya joto. Muuzaji akikupa isiyo na ringi akasema ni ileile, mrudishie. Zipo zenye namba ya kiwanda cha gari pekee, na hapo ndipo venia, kile kipimo cha milimita, inapotumika: pima ndani, nje na unene. Mara nyingi utapata ya kawaida inayolingana, au inayopungua unene kidogo ambao fundi wa kukereza ataujaza kwa ringi. Sili za oili ni hivyohivyo: shafti, nje, unene. Namba zote hizo ziandike kwenye daftari la gari, upige na picha. Daftari hilo lina thamani kuliko fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Kitu kimoja kinachoua boksi huku kwetu kuliko umri ni kuvutwa. Lori limezimika njia ya Gongoni, linafungwa kebo, linavutwa hadi Malindi. Dereva anaweka gia fri na anaamini ameiokoa boksi. Katika boksi nyingi oili hurushwa juu na leya, na leya huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, leya imesimama, lakini magurudumu yanaizungusha shafti kuu kupitia propela, ile shafti ndefu inayotoka boksi kwenda magurudumu ya nyuma, kavu, kilomita baada ya kilomita. Bushi na beringi za juu zinaungua kabla hamjafika mjini. Fungua propela. Ni bolti chache tu, na utingo anaweza kuzifungua pale pale kando ya barabara. Wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta wanaiumiza boksi kwa njia hiyohiyo, mbali na hatari ya breki.

Oili pia. Maduka mengi yatakuuzia oili ya daraja la GL-5 kwa sababu ndiyo ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na muuzaji atasema ni bora zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Kwa difu ni sawa. Kwa boksi yenye sinkro za shaba, dawa zilizomo kwenye GL-5 nyingi zinaila shaba hiyo, na sinkro ndiyo moja ya spea zinazopotea mwanzo. Boksi nyingi za zamani zinataka GL-4, nyingine zinataka oili ya injini kabisa. Fuata kitabu cha gari au kibati kilicho ubavuni mwa boksi, usifuate kaunta. Na kabla ya kusema sinkro zimeisha, rekebisha klachi. Klachi isiyoachia vizuri hulazimisha sinkro kuisimamisha shafti ambayo bado inasukumwa, na utabadilisha ringi mpya zitakazokufa vilevile.

Kwa wabeba chumvi nina neno la ziada. Juu ya boksi kuna kitundu cha kupumulia. Chumvi na vumbi vikikiziba, boksi ikipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili nje kupitia sili. Mwenye gari anabadilisha sili, zinavuja tena, anasema sili ni bandia. Kisafishe kila unapopaka grisi. Na boksi ya aluminiamu ioshe kwa maji matamu, kwa sababu bolti ya chuma ndani ya aluminiamu yenye chumvi hushikana mpaka siku ya kuifungua inatoka na uzi wote.

Spea zilizokwisha sokoni zinapatikana ndani ya boksi zilizokufa. Ukisikia lori kama lako linauzwa kwa kilo, nunua boksi yake sasa, hata kama yako ni nzima, na udai risiti. Usiipasue. Iache imefungwa, itie oili, ziba matundu yote, iweke juu ya mbao mbali na sakafu, na uizungushe shafti kwa mkono mara kwa mara. Hewa ya bahari yetu haisamehe: boksi iliyoachwa wazi nyuma ya nyumba hushika kutu kwenye beringi na sinkro kabla mwaka haujaisha. Siku ukihitaji gia, itoe pamoja na ile inayokutana nayo. Meno yaliyosagana miaka yamezoeana. Gia ya huku na mwenzake wa kule zitapiga kelele na kulana.

Vipi kuhusu kuchongesha gia mpya? Bushi, washa, ringi za kujazia na hata fok, chongesha bila wasiwasi. Gia ni jambo jingine. Jino la gia ni gumu juu na lina ulaini ndani, na ugumu huo hutiwa kwa moto baada ya kuchonga. Fundi akikuonyesha gia nzuri inayong'aa, chukua tupa ulisugue jino. Tupa ikiteleza, ugumu upo. Ikiuma na kutoa unga, hicho ni chuma laini, hakitavuka msimu. Tena muulize chuma ni cha aina gani na kilichomwa wapi; anayejua kazi hatachukia kuulizwa. Na usikubali kamwe mtu apige vidoto vidoto kwa senta (chuma chenye ncha) pale beringi inapokaa ili ikaze. Inakaza siku ya kwanza, kisha vidoto vinalala na shafti, ambayo huipati tena, inaliwa moja kwa moja. Pavishwe ringi au pajazwe na kukerezwa upya.

Ikifika mahali gia kuu na nyumba ya boksi vyote vimeharibika, nasema waziwazi: badilisha boksi nzima. Chagua inayotumiwa na malori mengi ya hapa pwani, hata kama nyingine ni rahisi. Kabla ya kulipa, pima meno ya shafti ya mbele yaingie kwenye sahani ya klachi, matundu ya kufungia kwenye injini, urefu wa propela, na mahali mkono wa gia utakapotokea. Hesabu pia kazi ya kukata na kurefusha propela na kuisawazisha, maana ikitetemeka inaua boksi mpya kama ya zamani. Ile uliyoitoa usiipeleke kwa wa kilo. Mtafute mwenye lori kama lako lililobaki barabarani, umuuzie yeye, kwa sababu ndani mwake bado kuna shafti au sinkro ambayo anaitafuta.