Mtoto wa Desemba na nafasi yake kikosini

Ndugu mzazi, umeuliza iwapo mwanao wa miaka 13, aliyezaliwa Desemba na kuachwa nje ya kikosi kwa sababu ya umbo dogo, aachane na soka. Hapana, bado ni mapema mno. Pale umri unapohesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, mwenzake wa Januari humzidi takriban miezi 11, na akiwa amebalehe mapema pia, mara nyingi humshinda wanapogombea mpira bega kwa bega, jambo ambalo baadhi ya makocha (kwa haraka, nadhani) huliita kipaji. Mwombe kocha ampange mazoezini na wenzake wanaolingana naye kimaumbile, kama zifanyavyo baadhi ya akademia za Uingereza, kisha, badala ya umbo, mtazame anavyogeuza kichwa kukagua nyuma kabla ya kupokea pasi.