Muulize Kocha: Tuna senta mrefu kuliko vyuo vyote na bado tunapigwa

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni kapteni wa timu ya kikapu ya chuo kimoja huku Kigamboni. Tuna senta, yule mchezaji mrefu wa chini ya ringi, ana mita mbili na kitu, hapa Dar sijaona chuo chenye mtu wa hivyo, lakini msimu uliopita tumepigwa mno na kila siku inakua vile vile, robo mbili za kwanza tunaenda sawa, ya tatu tunaachwa, ya nne ni aibu. Mazoezi tunapiga, kila jioni tunagawana tunacheza wenyewe kwa wenyewe mpaka giza. Sasa wenzangu wanataka tuchukue mamluki wawili wa ligi ya mkoa tuwatengenezee vitambulisho, wanasema wenzetu wote wanafanya. Timu ya kubeba kombe inajengwaje? – Kapteni, Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na mamluki maana hilo linaniuma. Usifanye. Niliwahi kukaa benchi na chuo kilicholeta watu wa hivyo, tukashinda uwanjani vizuri tu, kesho yake rufaa ikaingia na pointi zikaondoka, na vijana waliojifua tangu mwezi wa kumi wakatolewa kwa kosa ambalo hawakulifanya wao. Mmoja alikua mwaka wa tatu, ndo ilikua mechi yake ya mwisho ya chuo. Bado naiona sura yake. Na hata msipokamatwa, mwakani mamluki hayupo na nyie mnaanza upya.

Haya, senta. Hasheem Thabeet ni mtoto wa hapa hapa Dar, ana sentimita 221, alikua chuo kikuu cha Connecticut kule Marekani na mwaka 2008 na 2009 akachaguliwa mlinzi bora wa vyuo, halafu 2009 hiyo hiyo akawa chaguo la pili kwenye drafti ya NBA, yani pale timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani zinapochagua vijana wapya. Pamoja na yeye Connecticut walifika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Sasa angalia huku, kwenye timu ile alikuwepo kijana mdogo wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, hana hata mita 1.90, akabaki chuoni, akakomaa, na 2011 akiwa mwaka wa tatu akawaongoza kubeba ubingwa. Siyo kwamba urefu hauna kazi, una kazi kubwa, ila mrefu anakula anacholetewa na gadi, yule anayedunda mpira na kugawa pasi, na gadi mzuri wa chuo anatengenezwa kwa miaka miwili mitatu.

Ndo maana naogopa hayo mazoezi yenu. Kucheza wenyewe kwa wenyewe mpaka giza ni raha, lakini mnarudia makosa yale yale kila jioni, na senta wenu mnamzoesha kucheza na watu anaowazidi kichwa. John Wooden, kocha aliyechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 na chuo cha UCLA kati ya 1964 na 1975, mazoezi ya kwanza ya msimu alikua anawafundisha wachezaji kuvaa soksi na viatu, ili wasipate malengelenge wakakosa mazoezi. Mtu wa makombe kumi, soksi! Na alifika pale 1948, yani kombe la kwanza alilisubiri miaka 16.

Kwa hiyo fanya hivi, tafuta mtu mmoja asiyecheza, hata aliyeteguka kifundo, mpe daftari. Ahesabu mara ngapi mmepoteza mpira kabla ya kurusha, ribaundi ngapi, yani mipira iliyokosa kuingia, wapinzani wameokota chini ya ringi yenu, na mitupo huru mingapi mmekosa, aandike robo kwa robo. Nahisi robo ya tatu utakuta mpira unapotea hovyo, watu wamechoka, gadi anadunda mpaka zinabaki sekunde tano kati ya zile 24 za kurusha mpira halafu anamrushia senta akiwa amebanwa na watu wawili. Wakishachoka hawamzuii mpinzani kwa mgongo asifikie ribaundi, wanasimama wanaangalia mpira ukidondoka. Mitupo huru nayo wapigishe mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imekufa, siyo mwanzoni wakiwa freshi. Na benchi lako lipate dakika kuanzia robo ya kwanza, wanane au tisa, ukiwaingiza mmeshaachwa pointi ishirini unawaonea.

Halafu kuna hili ambalo makapteni wengi hawalioni kama ni kikapu. Mchezaji mwenye sapu tatu, yani mitihani ya kurudia, hayupo mazoezini, na akidisko, yani akiondolewa chuo kwa kufeli, hayupo kabisa. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa yule anayepanda pantoni kutoka Kivukoni hana nauli na anaona aibu kukwambia, atakwambia tu anaumwa. Tengeni siku mbili za kusoma pamoja, changeni hata mia tano tano kwa wiki. Na wachezaji wa mwaka wa kwanza msiwafanye wabeba maji, hao ndo timu yako ya miaka miwili ijayo, anza nao sasa.

SWALI: Kocha, mi ni msichana wa sentimita 160, nataka kujaribu timu ya chuo ila wanasema nikacheze netiboli. Niache? – Mwaka wa kwanza, Mbagala

JIBU: Usiache mwanangu. Muggsy Bogues alikua na urefu wako huo huo, sentimita 160, alichezea chuo kikuu cha Wake Forest halafu akakaa NBA misimu 14, na kule ni wanaume watupu. Ila mkono wa kushoto uwe kama wa kulia, anza leo, dunda kwa kushoto tu ukitembea pale uani kwenu, na ukifika kwenye majaribio mlinde gadi wao mwanzo wa uwanja hadi mwisho bila kumpumzisha. Akipoteza mpira mara mbili mbele ya kocha wao, watakuuliza jina.