Uliza Barazani: Resi ya vidau vya watoto, tuanzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum Mjomba. Mie ni mlezi wa kikundi cha vijana huku Jambiani, tuna watoto thalathini hivi wa miaka 9 mpaka 14 na tunakutana kila wiki, ila ukweli tushawachosha kwa semina za kukaa kwenye viti, mtoto anakuja wiki mbili ya tatu humuoni. Sasa tumepata wazo mkutano mmoja mzima uwe wa mambo ya bahari na tumalizie kwa resi ya vidau vidogo. Mwenzangu mmoja anasema tununue vya plastiki mjini, mwengine anasema kila mtoto aje na chake kutoka kwao. Tunataka alasiri mana asubuhi wako skuli. Bajeti yetu elfu hamsini tu. Na mada tuipe nini?
Mlezi, Jambiani

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Vya plastiki visahau, mtoto wa Jambiani kununuliwa kidau mjini ni sawa na kumpelekea nazi mtu wa shamba, na tena resi yenyewe ukiipima haifiki dakika tano, kitakachowaweka watoto pale ni kule kuchonga na kushona tanga na kubishana chombo cha nani kitazama. Lakini kabla hamjashika kisu nakuuliza, siku mushachagua? Mana nyote mnaoniandikia huwa mnaanza na mada na zawadi na nani awe mgeni rasmi, bahari mnaiuliza mwisho.

Mie nishaumbuka kwa hilo. Mwaka mmoja nilikuwa na watoto upande wa mjini, mwezi wa saba, upepo wa kusi umeshika kwelikweli, tukavitia vidau majini kwa shangwe na makofi. Sasa upande ule wa magharibi kusi linatoka nchi kavu linakwenda nje, basi tukavisindikiza kwa macho tu vinakwenda zao kama vina safari ya Pangani, wengine wanalia, mmoja akataka kuogelea akifuate chake nikamdaka kwa shati. Vidau kumi na nne, kilichorudi kimoja, nacho kilinasa kwenye kamba ya nanga ya mtu.

Nyinyi Jambiani mna bahati yenu. Kusi linawajia kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, yote mawili yanasukuma kuelekea pwani, na mwamba kule nje unavunja mawimbi. Kwahivo msianzie mchangani kwenda nje, fanyeni kinyume, vidau viachiwe pale maji yanapofika magotini na mwisho wa resi uwe ufukweni, hatua ishirini na tano zinatosha. Kidau kikiasi kitaasi kuja kwenu. Kipindi cha tanga mbili, pale baina ya kusi na kaskazi, msikitie kwenye hesabu, upepo wenyewe haujijui unakokwenda, na mwezi wa nne kuna masika juu yake.

Haya, maji. Hapa ndio pa kukaa na kalenda ya mwezi wa Kiislamu, sio ile ya ukutani ya benki. Mwezi ukiandama na siku ya kumi na tano ya mwezi huo, ni bamvua, yaani maji makubwa, yanakauka kiasi cha saa nne asubuhi na yanajaa kiasi cha saa kumi jioni, yanajaa hasa, na hiyo saa kumi ndio alasiri yenu mnayoitaka, mtoto wa miaka tisa maji yatamfika shingoni. Ila siku ya saba au ya nane hivi ya mwezi huo, na tena ya ishirini na mbili, ni maji mafu, yaani maji madogo, mambo yanageuka, asubuhi ndio yamejaa na alasiri yametoka, na hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Hizo ndio siku zenu. Subirini yaanze kujaa kidogo ndio muachie, upepo unasukuma pwani na maji yanasukuma pwani. Kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika hamsini, kwahivo ukikosea siku mbili tu ushakosea saa nzima na zaidi, muulize mvuvi yeyote hapo kwenu atakwambia hata bila kutazama saa.

Na waulizeni kina mama wa mwani. Wanalima hapo tokea 1989, vigingi na kamba zao ziko chini ya maji hata wakati wenyewe hawapo, watoto thalathini wakikimbia humo mtaharibu kazi ya mwezi mzima ya mtu halafu mje muombe radhi kwa juisi. Wakuonesheni mahali peupe. Viatu wavae, miba ipo tele.

Sasa chombo. Fanyeni mikutano miwili, wa kwanza wa kutengeneza na wa pili wa resi, mukibana yote siku moja gundi haitakauka na magharibi itawakuteni. Kila mtoto atengenezee hapohapo mbele yenu asilete cha kwao. Urefu usizidi shubiri mbili, lakini shubiri ya nani, hapo ndio ugomvi, kateni kijiti kimoja kiwe ndio kipimo cha wote. Vitu vya kutengenezea mnavyo, ndara zilizotupwa na maji ziko pwani nzima, kigogo cha mgomba kinaelea vizuri, bua la kuti kavu jepesi na linachongeka. Tanga kipande cha mwavuli mbovu au polo la mchele. Mifuko ya plastiki hapana, imepigwa marufuku na tena itaishia baharini.

Waacheni wakosee mara ya kwanza, wajaribu kwenye beseni, ila mambo mawili nakupa mana watoto hawayavumbui upesi. Kidau kikiwa chembamba kinalala ubavu upepo ukikigusa, ndio mana ngalawa ina mirengu na zile mbao za pembeni kulia na kushoto, wakifunga vijiti viwili vya kukingama na vipande vya ndara pembeni hakipinduki. Wa madau ya kawaida wafunge msumari mnene chini kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo. La pili, tanga likikaa nyuma sana chombo kinazunguka kinautazama upepo kama kuku wa mvua, kwahivo mlingoti usogee mbele, theluthi ya urefu kutoka omo, yaani mbele ya chombo, na tezi, yaani nyuma, iwe na usukani wa kipande cha kopo uliokazwa hauchezi, kingo zake mzikunje zisikate mtu. Mnakwenda na upepo wa tezi tu, kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, msiwaambie mwaka huu.

Mada mie ningeipa Misimu. Zamani majahazi ya Maskati yalikuja na kaskazi yamebeba tende na samaki wa chumvi, yakangoja, kusi likianza yanarudi na boriti na karafuu. Hamna haja ya kulihutubia hilo, wapeni watoto walifanye. Kila kidau kibebe shehena, karafuu kumi, na mshindi si wa kwanza kufika bali wa kwanza kufika na karafuu zake zote kumi. Utaona wanavyobadilika, yule aliyetaka tanga kubwa kama shuka anaanza kufikiria mara mbili. (Kumi tu kila mmoja, msije mkaambiwa mnafanya magendo.) Kama yupo mzee wenu aliyepata kusafiri na jahazi mwiteni akae nao ile siku ya kuchonga, asipewe maiki, apewe kisu na kipande cha mti, maneno yatatoka yenyewe.

Thelathini mnawagawa watano watano, mbio sita, washindi sita wanaingia fainali. Watu wazima wasimame ndani ya maji upande wa nje wakitazama pwani, wasiwe na simu mkononi. Elfu hamsini nunueni gundi, uzi wa mshipi na rangi, inayobaki mihogo na juisi ya ukwaju. Wasichana waambiwe mapema waje na nguo za kubadilisha, wakiambiwa siku ileile nusu watabaki mchangani kuwashikia wenzao viatu.

SWALI: Mjomba nasi tunataka resi kama hiyo lakini tuko Chake, bahari yetu mikoko na tope mpaka mapajani. Tufanyeje?
Skauti, Chake Chake

JIBU: Bahari muiache. Skauti wadogo wa Marekani wana resi hii miaka mingi na hawaigusi bahari, wanachukua mifereji ya kukingia maji ya mvua, ile ya pembeni ya paa, urefu wa futi 10, wanaiziba ncha mbili wanaijaza maji, kila mtoto anasimama kwenye mfereji wake anasukuma kidau kwa kupuliza tanga kwa mdomo, mkono hauruhusiwi kugusa. Mbili mkiziweka sambamba juu ya madawati mna resi hata ndani ya darasa na mvua ikinyesha nje. Mfereji ukikosekana pasueni bomba pana la maji taka kwa urefu (jipya jamani, jipya). Tanga hapo liwe la karatasi ngumu na pana, na mirengu msitie, kitakwama pembeni. Na wambie wapulizie tanga lenyewe kwa pumzi fupifupi, wakipuliza maji kidau kinasimama palepale, halafu wapumzike baina ya mbio, nishaona mtoto kapuliza mpaka kaona nyota mchana.

SWALI: Sisi Nungwi tulishafanya, akashinda mtoto ambae baba yake fundi wa vyombo, kidau kimechongwa mpaka kinang'aa, mtoto mwenyewe hata mlingoti haujui unaingia wapi. Wenzake wamesusa kikundi. Zawadi tumnyang'anye?
Mwalimu, Nungwi

JIBU: Msimnyang'anye, kosa si lake, nyie ndio mlioruhusu vya kuja navyo. Rudieni resi na sharti moja, kila mtoto kabla ya kuingia majini afumue tanga lake mbele ya wenzake alifunge upya peke yake, asieweza chombo kinakaa pembeni. Baba mtu mwiteni siku ya kuchonga awafundishe wote, na siku ya resi mpeni filimbi ili mikono yake iwe na kazi nyengine.