Maskati: kwenda masaa sita na nusu, kurudi manne na nusu?

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu yuko Maskati, kajifungua, kanitumia tiketi nikamuone mjukuu, ndo mara ya kwanza napanda ndege. Imeandikwa tarehe 14 natoka Dar 00:45 nafika 07:15, kurudi natoka kule 15:00 nafika Dar 19:30. Nikihesabu kwenda ni masaa sita na nusu, kurudi manne na nusu, yani ndege ya kurudi inakimbia zaidi? Na kwani ni mbali kiasi gani? – Mama wa Tanga

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu, na hongera kwa mjukuu.

Nianze na kitu hujauliza, hiyo 00:45, maana hapo ndo watu wanaachwa na ndege. Hiyo ni saa saba kasorobo usiku, na wenye ndege tarehe inabadilika saa sita usiku, kwaiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 14, sio usiku unaofuata baada ya kutwa ya tarehe 14. Shangazi yangu alienda eapoti tarehe 14 jioni na mabegi yake yote, ndege ilishaondoka toka usiku wa kuamkia siku hiyo, alilia sana na sisi nyumbani ndo tulimsomea vibaya. Wewe tarehe 13 saa nne kasorobo usiku uwe umeshafika eapoti ya Dar, na kutoka Tanga usipange basi la siku hiyohiyo, lala Dar usiku mmoja kabla.

Sasa hesabu yako. Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika, na Oman wako mbele yetu saa moja. Ukitua 07:15 kwao, Dar ni 06:15, toa 00:45 unapata masaa matano na nusu. Kurudi ukiondoka 15:00 ya kwao huku ni 14:00, mpaka 19:30 ni matano na nusu vilevile. Ndege haikimbii zaidi, saa moja unaipoteza ukienda na unarudishiwa ukirudi, ndo tofauti ya mawili unayoiona.

Umbali kwa angani ni kama kilomita 3,970. Ndege kubwa ikishapanda inakwenda kama 850 kwa saa, ila kuna muda wa kupaa, kushuka, kuzunguka kwenye njia zake na kutembea chini uwanjani, vyote vinahesabiwa humo. Zamani majahazi yaliondoka huku na upepo wa kusi na kurudi na upepo wa kaskazi, mtu akienda Maskati anasubiri miezi mpaka upepo ugeuke, leo unalala kidogo tu unafika.

Jambo la mwisho, ukimpigia binti mwambie "07:15 ya Oman", usiseme saa moja na robo. Yeye atakuelewa ila dereva wa kule akiambiwa saa moja anajua ni saa saba kwa hesabu yetu ya Kiswahili, mchana huo, na wewe utakuwa umekaa na mabegi nje tangu asubuhi.