Muulize Shangazi: Mama yangu na farasi wa Jasper

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Edmonton, Kanada. Mwakani mama na wenzake sita wa vikoba wanakuja kutoka Tanga. Wameona picha za milima ya Jasper, hifadhi iliyo humu jimboni Alberta, basi wanataka wapande treni Vancouver, washuke Jasper, wapande farasi. Mama ana miaka 63 na hajawahi kumkaribia farasi. Nimkatalie? Na mwezi gani unafaa?
Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimkatalie. Farasi ni jambo dogo katika safari hiyo. Kinachotaka hesabu ni treni.

Reli ile ni ya kampuni ya mizigo, na treni ya abiria mara nyingi husimama kando kuipisha ya mizigo, ndefu mpaka unachoka kuhesabu mabehewa. Ratiba inasema mtalala njiani usiku mmoja, lakini saa ya kufika si ya kuapia. Nilipokwenda mimi, kundi letu la wanawake tisa tulilipia farasi wa saa nane mchana, siku ileile ya kufika. Tulishuka jioni, farasi wamekwishavuliwa matandiko. Acha siku nzima katikati.

Asubuhi wapandishe mapema kwenye behewa lenye paa la kioo, wakae upande wa kushoto. Kabla ya mpaka wa Alberta hutokea mlima Robson, mita 3,954, mrefu kuliko yote ya safu ya milima ya Rockies upande wa Kanada. Siku nyingi umejifunika mawingu. Sisi ulitufunulia uso dakika chache tu, na mwenzetu aliyeshuka kufuata chai hakuuona. Mama mpelekee chai yake hukohuko juu.

Sasa farasi. Wale wa matembezi wamezoea kufuatana, pua ya huyu mkiani mwa yule, na kiongozi yuko mbele. Tandiko lina kichwa cha kushika, hatamu ni za mkono mmoja. Wakipanda mlima mama ainame mbele, wakiteremka aegemee nyuma, visigino viwe chini kuliko vidole. Mimi nilikuwa na miaka 58, na kilichonitisha ni kimo: ukiwa chini humwoni farasi alivyo mrefu, ukikaa juu ndipo unaiona ardhi iko mbali. Nilisoma kila dua niijuayo. Baada ya robo saa nikaanza kusikia ngozi ya tandiko ikilia, kwato zikikanyaga sindano za misonobari, maji mahali fulani chini. Treni ilikuwa imenionyesha msitu. Pale nikawa ndani yake.

Mtapita penye miti myeusi iliyosimama kama nguzo. Moto wa Julai 2024 uliteketeza karibu theluthi ya majengo ya mji wa Jasper, kwa hiyo vyumba viwekwe mapema sana. Na muulizeni kiongozi habari za familia za Wametisi, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji wa Kanada na Wazungu, waliokuwa na nyumba na mashamba bondeni humo na serikali ikawaondoa mwaka 1910, miaka mitatu baada ya kutangaza hifadhi. Wageni wengi hupita bila kulijua hilo, nami linaniuma.

Kila zizi lina kikomo cha uzito. Piga simu wewe mwenyewe, peke yako, kabla ya kulipa, asije mama yeyote akaaibishwa mbele ya wenzake. Dera libaki hotelini: wavae suruali, viatu vyenye kisigino kifupi, na mtandio mwembamba usio na pini chini ya kofia ngumu.

Nendeni mwanzoni mwa Septemba. Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na Isha inakuwa mtihani kwa watu wazima. Septemba mbu wamepungua, majani yanageuka manjano, na kulungu wakubwa madume wanalia kama filimbi. Msiwakaribie chini ya mita 30. Dubu, mita 100. Asubuhi ni baridi kweli, glavu ni lazima.

Na mnunulie mama dira. Tanga anaswali akielekea kaskazini, na Jasper pia ni kaskazini, kidogo kwa mashariki. Lakini ndani ya treni reli inapinda na mto, na kibla kinahama dirisha hadi dirisha.